Je, ada ndogo kituoni huwazuia wagonjwa maskini?

Mwanafunzi, Ibanda (Bukavu):
Ndugu wasomaji, ninaandika kazi yangu ya mwisho wa masomo juu ya uchumi wa afya. Wengi ninaozungumza nao, hata waganga, hushikilia kwamba mtu hathamini kitu cha bure, na kwamba ada kidogo humfanya mgonjwa atumie dawa vizuri. Je, kuna uchunguzi uliolipima dai hilo?

Mwalimu wa uchumi, Lubumbashi:
Limepimwa, na halikusimama. Jessica Cohen na Pascaline Dupas, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, walitoa vyandarua kwa wajawazito katika zahanati za magharibi mwa Kenya kwa bei zilizopangwa kwa bahati nasibu, kwingine bure, kwingine kwa senti kadhaa. Bei ilipopanda kutoka sifuri hadi senti 60 za dola, mahitaji yalishuka kwa pointi 60 za asilimia, ilhali waliopewa bure walivitumia sawa na walionunua. Wala walionunua hawakuwa na upungufu wa damu, ambao malaria huuleta, zaidi ya wateja wengine, maana yake bei haikuwateua wenye haja kubwa.

Muuguzi, Kadutu (Bukavu):
Mwalimu, nakubali, lakini vyandarua vilikuwa na mfadhili, na kituo chetu kina mgonjwa tu. Tangu Mpango wa Bamako wa 1987, uliowataka wagonjwa wachangie gharama, vituo vingi huishi kwa mapato ya dawa na fishi (karatasi ya mgonjwa), na wenzangu wengi hawapati mshahara wa serikali. Uzazi wa bure, ulioanza Kinshasa Septemba 2023, ni jambo jema sana. Ila kituo kisipolipwa na serikali kwa wakati, dawa huisha na mama huandikiwa akanunue nje. Mituweli, yaani bima za afya za kuchangiana, nazo huelemewa pale watu wanaposubiri waugue ndipo wajiandikishe.

Mwalimu wa uchumi, Lubumbashi:
Hilo ni kweli kabisa, na ndiyo sababu Rwanda, iliyoanza majaribio ya mituweli mwaka 1999, baadaye ilizifanya za lazima na kuwalipia maskini kabisa. Ndugu mwanafunzi, usitegemee daftari la kituo peke yake, kwani aliyeshindwa ada hakuandikwa humo. Pita nyumba kwa nyumba, uulize nani aliugua mwezi uliopita, alitibiwa wapi, na fedha ilitoka wapi: mkopo, likelemba (mchango wa kupokezana) au mbuzi aliyeuzwa. Uliza pia kuhusu akina mama waliojifungua wakazuiliwa wodini kwa deni.