Mafundi wa Arusha, kuchomeka waya siyo kufunga sabufa, yaani spika ya besi!

Wakuu, yametufika shingoni. Kuanzia Sakina mpaka Njiro ni yale yale: fundi anaitupa sabufa kwenye kona, anachomeka waya, anafungua sauti yake mpaka mwisho, anachukua hela anaondoka. Kila wimbo unavuma noti moja, na mwenye nyumba anaambiwa kauziwa feki.

Siyo feki! Sebule zetu ni kuta za tofali na marumaru chini, hakuna kinachonyonya besi. Chukua 343, mwendo wa sauti kwa mita kila sekunde, gawanya kwa urefu wa chumba uliozidishwa kwa mbili: mita 4.3 inakupa Hezi 40 hivi, yaani mitetemo 40 kwa sekunde. Hapo ndipo chumba kinapovuma chenyewe, na kona ndiyo inayokichochea zaidi. Dawa yake ni bure. Weka sabufa pale kwenye kochi anapokaa msikilizaji, piga wimbo ambao gitaa la besi linatembea, kisha piga magoti uzunguke ukutani ukisikiliza. Noti zinaposikika sawasawa, hapo ndipo pa kuiweka. Dakika 20 tu. Nani anafanya?

Kinachoudhi kuliko vyote ni kuchuja mara mbili. Risiva, ile amplifaya inayogawa sauti kwa spika, inakata Hezi 80, yaani chini ya hapo inaipa sabufa, na kitufe cha kukata kwenye sabufa nacho kimeachwa 80. Pale sabufa inapopokezana na spika panabaki shimo, ngoma inakosa kifua. Kipeleke kitufe mpaka mwisho, risiva ikate peke yake. Kama ni amplifaya ya zamani isiyo na tundu la sabufa, toa waya kwenye matundu ya spika uingize kwenye sabufa yenye viingilio hivyo. Hapo sasa kitufe ndicho kinachokata, anzia 60 kisha panda taratibu.

Swichi ya fezi, ile inayofanya sabufa isukume pamoja na spika badala ya kupingana nazo, hawaigusi kabisa. Mmoja akae kwenye kochi, mwingine ageuze 0 na 180. Baki na yenye besi nene.

Halafu kuna wanaokata pini ya ethi, ile ya waya wa ardhini, ili kuua mvumo wa umeme kwenye spika. Huo ni umeme wa volti 230, mtaua watoto wa watu! Chomeka vyombo vyote soketi moja. Mvumo ukiendelea, chomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi. Ukikatika, mkosaji ni dishi, na ethi yake iungwe na ya nyumba.

Msimalizie malipo kabla fundi hajazunguka ukutani na kugeuza fezi mbele ya macho yenu.