Mrejesho: vitu vya kuogea safarini
Wakuu nimerudi. Niliuliza nibebe nini cha kuogea Lushoto siku 5 na kibegi kimoja tu cha mgongoni, maana safari iliyopita taulo zito lilininukishia nguo zote. Aisee aliyesema kikoi Mungu ambariki, nakianika usiku ndani asubuhi kimeshakauka na baridi yote ile ya kule, taulo la maikrofaiba nalo linakauka fasta ila linanata mwilini sijalipenda kabisa. Dodoki nililiacha home nikabeba ule wavu mrefu wa kuogea, unaukung'uta mara mbili tatu kwisha habari. Sabuni nilikata nusu. Kandambili ndo nilisahau, nikanunua stendi, tena saizi ya mtoto 😂