Mahindi ya shamba moja, ya Makete mazima ya Ubaruku yametobolewa, kwanini?

MtotoWaMakete: Wakuu habari za jioni. Mwezi wa nane tulivuna nyumbani Makete gunia 12, sita zikabaki kwa mama, sita nikashuka nazo huku Ubaruku ninakoishi. Siku ya kupakia niliyakagua mwenyewe sikuona mdudu hata mmoja. Sasa juzi, Novemba hii, nafungua gunia nakuta fukusi wanatembea tu na punje zina matundu, nampigia mama anasema yake mazima kabisa. Stoo niliifagia vizuri. Hawa wadudu wametokea wapi?

GhalaUyole: Pole sana mdogo wangu. Inawezekana kabisa umeshuka nao. Fukusi anaanza shambani mahindi yakiwa bado kwenye bua, jike anatoboa punje anataga yai alafu anaziba lile tundu, funza anakulia humo humo ndani kwahiyo ukikagua huoni kitu. Kinachowatofautisha wewe na mama ni joto: huko Ubaruku kuna joto, Makete ni baridi. Kwenye nyuzi 27 na unyevu wa kutosha, toka yai mpaka mdudu mkubwa ni kama siku 35, ila kwenye nyuzi 18 inapita miezi mitatu, na ikishuka chini ya 15 hakui. Hesabu toka Agosti: kwako kizazi cha pili kishatoka, kwa mama cha kwanza ndo kinamalizia. Mama naye asikae, baridi imewachelewesha tu haijawaua.

DadaPawaga: Hivi una uhakika ni fukusi? Unga upo mwingi chini ya gunia? Huku kwetu kukavu fukusi anapata shida mahindi yakikauka sana, anayetumaliza ni dumuzi, yule wengine wanamwita skania, aliingia nchini kupitia Tabora akitokea Amerika huko, yeye punje kavu anaila vizuri tu.

MtotoWaMakete: Unga kidogo dada, na wana kapua karefu.

DadaPawaga: Basi ni fukusi. Yaanike juani kwenye turubai, pepeta, alafu weka kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, ufunge kwelikweli, hewa ikiisha hata waliomo ndani ya punje wanakufa. Ila kwanza pima ukavu: chumvi kavu na mahindi kwenye chupa kavu, tikisa, chumvi ikiganda kwenye chupa bado mabichi, rudisha juani.

MtotoWaMakete: Asanteni sana. Kesho asubuhi naanika, na mifuko ya mama naituma na basi.