Miaka 4 ya kazi, barua mistari MIWILI! Huyu mzee namkosea nini?

Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Yule bosi wa Kariakoo mnamjua, wa Prado nyeupe, anayeshushia chai ya maziwa tangu asubuhi hadi alasiri. Jina sitaji, hamlihitaji.

Nimemtunzia hesabu miaka 4, mpaka panya wa stoo walikuwa wananiamkia. Sasa Kanada wamenipa mwaliko wa kuomba ukaazi wa kudumu. Siku 60 tu, zimebaki 19. Wanataka barua ya mwajiri: cheo, tarehe, saa kwa wiki, mshahara, majukumu moja moja, karatasi yenye nembo, sahihi. Uzoefu wenyewe mwaka 1 mfululizo, saa 1,560, kazi ya ujuzi. Ninazo za kugawa. Nikamchapia kila kitu, yeye asaini tu.

Akachana, akaandika yake kwa mkono: "Kijana huyu aliwahi kuwa hapa. Hana tatizo."

ALIWAHI KUWA HAPA! Kama mbuzi aliyepotea njia! Nikauliza, mzee, majukumu yangu mbona hayapo? "Majukumu gani, si ulikuwa unakaa tu na daftari?" Mbele ya wapagazi! Mmoja alicheka hadi akaangusha robota la khanga. Na muhuri kaupiga kichwa chini. Afisa wa Kanada akisoma "aliwahi kuwa hapa" si atadhani mzimu ndio unaomba ukaazi?

Mlalahoi Namba 1: Mkuu, kwani hukuwa unakaa? 😂

Shangazi wa Tandika: Bosi hakujui, panya wanakuamkia. Waombe wao barua.

Bin Chuma: Ya Kiswahili lazima itafsiriwe. Mistari miwili ni nafuu kwako, shukuru.

Kibarua wa Brampton: Wewe una afadhali. Mimi niko hukuhuku Kanada, mwaka wa tatu nabeba maboksi ghalani usiku. Wanasema ni kazi ya daraja la 5, si ya ujuzi, haihesabiki. Mgongo umeniisha kiujuzi kabisa.

Mlalahoi Namba 1: Mimi madaraja najua la Kigamboni na Salenda.

Dada Msomi: Mdogo wangu kapika hotelini huko miaka miwili akiwa chuoni. Saa zote kapuni, eti za mwanafunzi wa muda wote. Kaka naye kwenye maombi ya ukaazi alitegemea pointi za ofa ya kazi, Machi 2025 wakazifuta. Alishanunua na jaketi la baridi!

Mwenye uzi: Tusitoke nje ya mada. ALIWAHI. KUWA. HAPA.

Mzee wa Mafaili: Kijana, punguza jazba. Kusanya hati za mshahara, statimenti za benki na michango ya NSSF, ambatanisha maelezo kwamba mwajiri kagoma. Wanaweza kukataa, ila ni bora kuliko hiyo karatasi.

Mwenye uzi: NSSF? Huyo mzee? Nilimuuliza, akasema pensheni yangu iko kwa Mungu.

Shangazi wa Tandika: Hapo kwenye NSSF msinikumbushe. Mume wangu kastaafu, kila akienda anaambiwa miezi kadhaa haionekani. Ilienda wapi, Zanzibar kutembea?

Bin Chuma: Bosi wangu alikuwa anakata kabisa kwenye mshahara, hapeleki.

Mwenye uzi: Jamani, zimebaki siku 19...

Kibarua wa Brampton: Dada Msomi, hilo jaketi saizi gani? Binamu yangu anakuja mwezi ujao.

Dada Msomi: L, halijavaliwa hata siku moja. Elfu 80, njoo PM.

Mlalahoi Namba 1: Lina kofia?