Watu wanaongezeka, mvua haieleweki, miaka 20 ijayo Mwanza tutakula nini?

Kijana_wa_Igoma: Wakuu habari za jioni. Sensa ya 2012 Tanzania tulikuwa kama milioni 45, ya 2022 tukafika milioni 61.7, na mkoa wetu wa Mwanza peke yake unakaribia milioni 3.7. Afu mvua sa hivi haina adabu, vuli inachelewa, ikija inapiga kwa fujo siku mbili tatu inakata. Wenye mashamba na nyie wa ziwani, hivi chakula kitatoka wapi? Au nina hofu za bure?

Jaruba_Magu: Sio za bure mkuu. Ila mimi idadi ya watu hainitishi kama ardhi. Buhongwa, Kisesa, yalikuwa mashamba yale, leo ni viwanja na madalali tu. Shamba la babu wamegawana watoto, wajukuu wakagawana tena, unakuta mtu kabakiwa na kaeka kamoja analima mahindi yaleyale kila msimu, udongo haupumziki na samadi haipo maana ng'ombe hamna pa kuwachungia. Sasa mvua ikikata mahindi yako kwenye mbelewele, yaani yanatoa maua, wiki mbili za jua imekula kwako. Mpunga wa majaruba ndo usiseme, maji yasiposimama unabaki kuhesabu nyufa. Mtama ungevumilia lakini watoto wa siku hizi uwape ugali wa mtama uone watakavyokuangalia.

Mtu_wa_Ukerewe: Nyie wa bara mahindi yamewaroga 😂 Sisi kisiwani tumebanana toka zamani na tunaishi, muhogo upo, udaga upo, viazi tunakausha michembe inakaa miezi. Shida yetu ni magonjwa ya muhogo, batobato na michirizi ya kahawia, inzi weupe ndo wanasambaza na kukiwa na joto na ukame wanazaliana balaa, unaona majani mazuri kumbe chini mizizi imeoza. Tafuteni mbegu safi Ukiriguru kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, acheni kuombana vijiti kwa jirani.

Mama_Dagaa: Mi nauza dagaa Mwaloni Kirumba, niongezee hapo. Sangara wamepungua ukubwa, makokoro na nyavu za macho madogo zimewamaliza wachanga, dagaa ndo anatubeba kwa sababu anazaana haraka. Lakini jamani dagaa anakaushwa na jua! Mvua ikija bila taarifa na mzigo uko chini mchangani, unanuka siku hiyohiyo, unauza kwa watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Chakula cha binadamu hicho kimepotea na ziwa lilikuwa limeshatoa. Kila mtu anawaza kuvua zaidi, hakuna anayewaza hicho kinachoozea ufukweni.

Kijana_wa_Igoma: Mama hapo umenifungua. Na vizimba vya kufugia sato ziwani vipi, si ndo vitaokoa?

Jaruba_Magu: Vinasaidia ila chakula chao kinatengenezwa na soya na dagaa haohao, kwa hiyo mnagombania sahani moja. Na maji yakipata joto hewa inapungua, kizimba kikiwa karibu na pwani maji hayatembei, unaamka wanaelea.

Kijana_wa_Igoma: Mama Dagaa, kukwepa hiyo ya mchangani mnafanyaje?

Mama_Dagaa: Chanja mwanangu. Miti na wavu, juu kiunoni, hewa inapita chini wanakauka haraka na hawana mchanga, mvua ikitishia unafunika turubai. Bei yake nayo inakuwa nzuri. Tatizo wengi mwalo, yaani hapo ufukweni tunaposhushia samaki, sio wao, wanaogopa kujenga kitu kesho wafukuzwe.