Mrejesho: boti ya Norfolk, mimi na mama watoto

Wakuu, niliuliza kama mimi na mke wangu, tusiojua hata kupiga kasia, tunaweza kukodi boti kule Norfolk, Uingereza, tuwe tunakula kwenye baa za kando ya mto. Tumerudi wazima.

Tulianzia Wroxham, tukashuka Mto Bure. Mwendo unaoruhusiwa ni maili 3 hadi 6 kwa saa, yaani hata bata hana haraka ya kukupisha. Kazi ipo kwenye kuegesha. Pale Horning nilikuja na mkondo mgongoni, boti ikagoma kusimama, tukabamiza gati mbele ya watu na bia zao. Mzee mmoja akadaka kamba: "Geuza kwanza, uje ukiukabili mkondo." Tangu hapo shwari. Mama watoto, chai yote mapajani, alinuna mpaka samaki na chipsi zilipofika. Samaki mnene, ganda linavunjika kwa mlio. Pilipili bebeni yenu.

Mliosema tuwahi nafasi ya kuegesha jioni, asanteni. Boti ya kukodi hairuhusiwi kutembea gizani, na Ranworth tulipata upenyo wa mwisho. Daraja la Potter Heigham niliishia kulitazama; upinde wa kupitia boti uko chini mno.