Nyumba ukingoni mwa bahari: paili, mawe, au kurudi nyuma?

MwanaKunduchi: Nyumba ya familia yetu, upande wa Kunduchi, Dar es Salaam, imebakiwa na mita 9 tu hadi ukingo wa mteremko wa mchanga, na kila bamvua hulamba kipande kingine. Fundi mmoja anashauri paili za zege (nguzo ndefu zinazozamishwa ardhini) chini ya nyumba, mwingine gabioni (masanduku ya waya yaliyojazwa mawe) mguuni mwa mteremko. Naomba wenye uzoefu mtulinganishie.

Mhandisi_Misingi: Ndugu, paili hushika nyumba, mteremko haziushiki, isipokuwa zimesanifiwa kwa kazi hiyo, zikiwa safu iliyosongamana na pengine nanga za kuzivuta kuelekea bara. Paili za kawaida hushusha uzito wa jengo hadi kwenye tabaka imara, huku mchanga ulio kati yake ukiendelea kuondoka. Nguzo iliyofukuliwa huanza kuyumba, na kwa msukumo uleule wa pembeni, urefu ulio wazi ukiongezeka maradufu, kichwa chake husogea takriban mara nane zaidi. Kwa hiyo zikokotolewe tangu mwanzo kana kwamba mita kadhaa za juu hazina udongo, vichwa vifungwe kwa boriti, na nondo zifunikwe kwa zege nene, lisilopungua milimita 75, kwa sababu ya chumvi. Mkifika kwenye jabali la matumbawe, msiridhike na tobo moja la uchunguzi, kwani jabali hilo huwa na mapango.

BintiPwani: Waya wa gabioni hauhimili maji ya chumvi na kokoto zinazopigwa na mawimbi. Mawe makubwa juu ya kitambaa cha kuchuja hudumu zaidi, ila humnyima jirani mchanga, nao huko kwenu ulishapungua kwa uchimbaji katika mito kama Tegeta na Mbezi.

Mzee_Ramani: Mbona hakuna aliyetaja kurudi nyuma? Mnara wa taa wa Cape Hatteras, Marekani, ulisogezwa karibu mita 880 mwaka 1999, na mwaka huohuo Belle Tout, Uingereza, ukarudishwa mita 17. Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaweka ukanda wa hifadhi wa mita 60 kutoka baharini, kwa hiyo anzeni NEMC, baraza la taifa la mazingira, kabla ya kumlipa fundi yeyote.

Mhandisi_Misingi: Mzee wangu, kuhusu sheria sina neno. Lakini minara ile iliinuliwa kwa jeki za haidroliki na gharama kubwa. Nyumba ya tofali ni nafuu kuibomoa na kuijenga upya nyuma ya kiwanja. Je, shimo la maji taka liko upande gani? Maji yanayopenya ndani huudhoofisha mteremko hata bahari ikiwa imetulia.

MwanaKunduchi: Liko upande wa bahari, mhandisi, pamoja na mifereji yote ya paa. Tutaanza kwa kuvihamisha hivyo na kupima udongo. Kiwanja chetu kina kina cha mita 40 tu, hivyo hata tukirudi nyuma kabisa tungali ndani ya zile 60.

Mzee_Ramani: Basi suala hilo la mita 60 mliandike kwenye barua ya NEMC, aya ya kwanza.